Bei Halali ya Vumbi

Kutu ya gari la kawaida humpa mnunuzi sababu ya kushusha bei. Gari likiwa Ferrari, kutu hiyohiyo hupandishwa cheo ikaitwa historia.

Februari 2015, katika mnada wa Artcurial mjini Paris, iliuzwa Ferrari 250 GT California Spider ya 1961 iliyowahi kumilikiwa na mwigizaji Alain Delon. Ilikutwa shambani magharibi mwa Ufaransa, imelemewa na marundo ya majarida. Ikapelekwa sokoni na vumbi lake, ikaondoka kwa zaidi ya yuro milioni 16. Mwenye wazo la kuiosha kwanza angefukuzwa kazi.

Lakini vumbi ni cha mtoto. Agosti 2023 huko California, kampuni ya mnada ya RM Sotheby's iliuza Ferrari 500 Mondial ya 1954, iliyoteketea mashindanoni miaka ya 1960 na kubaki bati lililokunjamana. Bei: dola 1,875,000.

Mnunuzi alipata nini? Namba. Namba ya chasisi ikiwa halisi, mafundi wataunda upya vingine vyote na gari litahesabika ni lilelile la 1954. Bila namba hiyo, hata gari linalong'aa kama kioo ni nakala tu.

Wakati huohuo, mnunuzi wa gari jingine la zamani, Jaguar E-Type, anapitisha sumaku kwenye bodi kutafuta puti iliyofichwa chini ya rangi, kisha anamwomba muuzaji, kwa adabu zote, apunguze kidogo kwa ajili ya sakafu iliyooza.