Zabuni yenye jalada la ngozi

Huko Oklahoma, Marekani, mkuu wa elimu wa jimbo hupigiwa kura kwa tiketi ya chama, kama mbunge. Mwaka 2022 Ryan Walters wa Republican, aliyekuwa akifundisha historia huko McAlester, alimbwaga Jena Nelson wa Democratic, naye mwalimu. Walters aliwaahidi wazazi kuwaondolea watoto mahubiri ya mrengo wa kushoto darasani.

Ahadi ni deni, na mahubiri ya kushoto yakatafutiwa mrithi. Juni 2024 Walters aliziamuru shule za umma zifundishe Biblia, kuanzia darasa la tano hadi la kumi na mbili. Kisha ikatangazwa zabuni ya nakala 55,000: tafsiri ya King James, jalada la ngozi au kitu mfano wa ngozi, na humo humo ndani Katiba ya Marekani, Azimio la Uhuru na kiapo cha bendera. Musa mwenyewe alishuka Sinai na mbao mbili tu.

Sasa msomaji ajiulize, Biblia ya namna hiyo inauzwa wapi? Ipo moja, bei yake dola 60, na mpiga debe wake ni Donald Trump. Bahati ilioje! Kelele zilipozidi, masharti yakalegezwa.

Septemba 2025 Walters alitangaza kujiuzulu kabla ya muhula kwisha, akaongoze taasisi inayopambana na vyama vya walimu. Mrithi wake, Lindel Fields, aliifuta amri ya Biblia mwezi uliofuata.