Kiboko Naye Apewe Sifa Zake

Watu wa Kyela tunajulikana kwa mchele, kwa kokoa na kwa maneno. Mchele wetu una harufu inayomfanya mpita njia apunguze mwendo, na jina lake linauza hata mchele uliolimwa kwingine. Kokoa inajisemea yenyewe kwenye mizani. Ila kwa upande wa maneno tuache kujidanganya: yupo mkazi anayetuzidi sote. Makao yake ni mito ya Mbaka, Kiwira, Lufilyo na Songwe, na kama angekuwa na jina la ukoo basi lingeanza na Mwa- kama ya majirani zake. Mpaka leo hakuna aliyemtungia hata shairi la harusi. Kazi yetu ni kumshtaki kwa mtendaji wa kijiji. Leo namsifu kiboko, na anayetaka kuutetea mpunga angoje zamu yake.

Nianze na sauti. Simama jioni karibu na Lufilyo unapoingia Ziwa Nyasa, si mbali na Matema, milima ya Livingstone ikiwa mbele yako. Kwanza utasikia mkoromo mkali wa pua, kisha sauti inashuka kwa vipande vizito: hooh, hoh, hoh, hoh, kicheko cha mzee aliyeshiba na kukumbuka deni ambalo si lake. Imepimwa kufikia desibeli 115, kiwango ambacho daktari wa masikio hataki ukae nacho hata dakika chache. Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Kuhusu kelele za kiboko walinyamaza, na kila anayechunga ng'ombe huku bondeni anajua kwa nini.

Ustadi wenyewe uko kwenye pozi. Kiboko anaposema hukaa nusu huku nusu kule: pua, macho na masikio juu, mdomo na koo chini ya maji. Sauti moja inatokea puani kwenda hewani, na papo hapo inapenya koo lake nene na kwenda majini. William Barklow, mtafiti Mmarekani aliyechapisha matokeo yake mwaka 2004, alieleza kwamba huyu ni mnyama anayezungumza na walio juu na walio chini kwa mkupuo mmoja. Tena majini sauti hukimbia kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde, na hewani 340 tu, kwa hiyo msikilizaji mwenye kidevu majini na masikio nje hupata habari mara mbili, ya kwanza ikiwahi na ya pili ikithibitisha. Nitajieni diwani mmoja anayesikika hivyo na wa jukwaani na wa nyuma kabisa.

Halafu habari yenyewe haikai kwa mtu mmoja. Akinguruma dume mmoja, kundi lake linaitikia. Wakinyamaza hao, kundi la chini ya mto linapokea, na la chini zaidi nalo, mpaka sauti inateremka na mto. Walioko chini ya maji wakisikia huibuka nao wachangie. Hakuna anayesema hakupata taarifa ya kikao.

Sasa tuje kwenye diplomasia, maana hapo ndipo heshima yake ilipo. Sisi na ndugu zetu wa Malawi tuna mgogoro wa mpaka ziwani ambao mizizi yake ni makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890. Wenzetu wanasema maji yote hadi ufukweni ni yao, sisi tunasema mpaka uko katikati. Mwaka 2012 maneno yalichacha hadi marais wastaafu wa Afrika, wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji, wakaombwa kusuluhisha. Na mto Songwe, ambao ndio mpaka wa nchi kavu huku kwetu, una tabia ya kuhama njia yake mvua zikizidi, shamba la mtu likalala Tanzania na kuamka linatazamana na Malawi.

Kiboko hana shida hiyo. Huko huko Msumbiji anakotoka Mheshimiwa Chissano, katika hifadhi ya Maputo, watafiti wakiongozwa na Mfaransa Nicolas Mathevon waliwapigia viboko sauti zilizorekodiwa: ya mwenzao wa kundi, ya jirani wa ziwa lile lile, na ya mgeni wa mbali. Matokeo yalitoka Januari 2022. Viboko walizitofautisha. Sauti ya mwenzao haikuwasumbua sana, ya mgeni iliwachemsha, na jibu walilompa mgeni mara nyingi lilikuwa kumwaga kinyesi huku mkia ukikisambaza kila upande kama feni. Tamko hilo halihitaji mkalimani wala msuluhishi. Sishauri wizara yoyote iige, nasema tu kwamba kikao kiliisha siku ile ile.

Na kinyesi hicho wala tusikibeze. Katika mto Mara, upande wa Kenya, viboko zaidi ya 4,000 wamehesabiwa wakimwaga tani kama 36 kwa siku. Nyasi za nchi kavu zinaingia mtoni bila ada ya usafiri, na viumbe wa majini wanaanza kula hapo. Ni kweli kwamba mto ukipungua, kinyesi hujaa madimbwini, na mvua ikikisukuma ghafla hewa ya majini huisha na samaki wakafa kwa wingi. Mfadhili gani hana kasoro?

Huku ziwani wavuvi wa usipa na mbasa nao wanamwonea bure. Mtumbwi ni kitu cha kubinuka, na kiboko wa tani moja na nusu akitokea chini yake hakuna mazungumzo. Lakini muulize mvuvi mzoefu ni yupi anayemtia hofu. Siyo yule anayenguruma. Anayenguruma ametoa anwani yake, unapiga kasia ukizunguka mbali, kila mtu anafika kwake. Mwenye kuua ni yule aliyezama kimya, kwa dakika tano hivi, bila kumwambia mtu.

Na hapa ndipo pananipa taabu katika hotuba yangu.

Msemaji huyu hodari, mwenye sauti ya kuamsha bonde, akitoka majini usiku kwenda kula hana neno. Hapigi hodi. Anatoka peke yake giza likishakolea, nyayo zake pana zikiukanyaga udongo laini polepole, na mlinzi aliyeko dunguni na tochi na debe la kupiga anasikia vyura, mbu na redio ya jirani. Mpunga umebeba, umeanza kuinama, ni ule wakati wa kuhesabu magunia kichwani. Kiboko hatumii meno yake makubwa kula, hayo ni ya ugomvi. Anatumia midomo, karibu nusu mita upana, anashika shina na kulikata kwa kutikisa kichwa, hatua moja, tena hatua moja. Kilo 40 kwa usiku si ajabu kwake. Alichokula ni kidogo ukilinganisha na alichokilaza.

Asubuhi tazama kazi. Nyayo za vidole vinne zimejaa maji. Penye njia yake ya kila siku kuna mifereji miwili sambamba, kila upande wa miguu wa kwake, na tuta la udongo katikati likiwa halijaguswa. Mhandisi wa umwagiliaji angelipwa kwa mfereji wa namna hiyo. Huyu amechimba bure, ila amepitisha katikati ya kitalu cha mama mjane.

Kumdhuru huwezi, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inamlinda. Serikali, kwa upande wake, ina kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, majina matamu kuliko fedha zenyewe. Kwa hiyo mtendaji anakuja na daftari, suruali imekunjwa hadi magotini, anapima uharibifu kwa hatua huku mwenye shamba akimfuata nyuma. Wakati huo mzee amesharudi mtoni, ameshiba, na sauti imemrudia. Hooh, hoh, hoh. Ng'ambo wanaitikia.

"Shikamoo mama. Usiku ulimsikia akiingia?"

"Marahaba mwanangu. Kuingia sikumsikia. Huyo unayemsikia sasa hivi ndiye."