Nguvu Zako 24 na Namna ya Kuzipumzisha

Ndugu yangu, umeambiwa maisha yako yote kwamba u mzembe, mbishi na msahaulifu. Tulia. Hayo ni majina tu, na majina hubadilishwa. Mwaka 2004 Wamarekani wawili, Christopher Peterson na Martin Seligman, walitoa kitabu kinene kilichoorodhesha nguvu 24 za tabia njema, kuanzia ujasiri hadi shukrani. Walichoshwa na wanasaikolojia kuhesabu maradhi ya watu tu. Wakataka yahesabiwe na mazuri yao. Walikusudia tuzitumie nguvu hizo. Mimi nitakufundisha kuzivaa, kama suti ya harusini.

Hatua ya kwanza: fanya mtihani

Dodoso la kupima nguvu hizo lipo kwenye intaneti, halilipiwi, na uzuri wake mkubwa ni kwamba anayeulizwa habari zako ni wewe mwenyewe. Hakuna anayempigia simu mkeo. Hakuna anayepita kijiweni kuuliza kama lile deni la kahawa umelilipa. Mwamba ngoma huvutia kwake, na hapa umepewa ngoma, kamba na uwanja. Ila usijibu ukiwa na njaa, wala siku ya kudaiwa kodi ya nyumba. Jibu Jumamosi baada ya pilau, saa ambayo kila mtu hujiona mkarimu.

Ukiona kujidhibiti kumekaa mkiani, usihuzunike. Mwaka 2006 majibu ya zaidi ya watu laki moja kutoka nchi 54 yalilinganishwa: wema, haki na ukweli vilikuwa juu karibu kila mahali, huku unyenyekevu, tahadhari na kujidhibiti vikiburuza mkia. Yaani dunia imejaa watu wema, wakweli, wasioweza kuliacha andazi la tatu. Uko nyumbani.

Hatua ya pili: batiza upya dhambi zako

Hapa usiharakishe, maana ndipo penye utamu wote. Hujamaliza hata kozi moja kati ya tano ulizoanza? Wewe una udadisi. Umemwambia shemeji mbele ya wageni kwamba wali wake umeungua? Mkweli. Umechelewa kikao kwa saa nzima? Unathamini uzuri, na bahari asubuhi ile ilikuwa shwari mno.

Mtihani wa kweli ni madeni. Unapokopa, una matumaini. Aliyekukopesha umempa nafasi ya kuonyesha wema. Mwezi wa tatu ukipita bila kumlipa, unamkuza katika msamaha, na asipoupokea msamaha huo, basi afanye naye dodoso lake aone kasoro iko wapi. Mkopo mmoja umeshughulisha nguvu tatu, na wewe hujatoka kitini.

Hatua ya tatu: peleka kazini

Bosi akikuomba ripoti, usimwambie huiwezi. Hilo ni jibu la zamani. Mwambie kwa upole: “Mkuu, takwimu hazigusi nguvu zangu za msingi. Mimi ni mtu wa hekima.” Kisha mtazame dada wa uhasibu, msifie uvumilivu wake, na sukuma faili taratibu mpaka lifike upande wake wa meza. Msifie kwa maneno ya jumla jumla, yasiyoshikika. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, akawaomba wayape alama kati ya 0 na 5. Wastani ukawa 4.26. Kumbe wote walipewa karatasi ileile, na sentensi nyingi aliziokota kwenye kitabu cha unajimu. Kama wanafunzi wa saikolojia walijiona humo, dada wa uhasibu ataponaje?

Ukialikwa kuendesha semina, na ukalipwa posho ya kuendesha badala ya ile ya kusikiliza, nenda na namba. Isiwe namba nzima, watu huishuku. Mwaka 2005 Barbara Fredrickson na Marcial Losada waliandika kwamba mtu hustawi akiwa na hisia njema 2.9013 kwa kila hisia mbaya moja. Desimali nne! Mwaka 2013 Nick Brown na wenzake wawili wakaonyesha kwamba hesabu iliyozaa namba hiyo haikuwa na msingi. Iandike ubaoni hivyohivyo, kabla tu ya chai. Saa hiyo macho yote yako kwenye sambusa.

Hatua ya nne: kujifunza

Fupi hii. Seligman na wenzake waliwapa watu mazoezi mbalimbali na matokeo yakatoka mwaka 2005. Kuzijua tu nguvu zako kulileta furaha ya muda mfupi. Walioambiwa watumie mojawapo kwa njia mpya kila siku, wiki nzima, furaha yao ilidumu miezi sita. Wiki nzima, kila siku, njia mpya! Ni kazi hiyo. Sisi tunachukua ile ya muda mfupi, na ikiisha tunafanya dodoso tena.

Hatua ya tano: mtoto

Msifie akili, kila saa, bila sababu. Kapata vema moja: “Huyu jiniasi!” Kafunga kamba za viatu: “Damu ya babu yake!” Usithubutu kusifu bidii, kwa sababu bidii humfanya mtoto aombe msaada wa hesabu usiku, na wewe hizo sehemu ulizikimbia tangu darasa la tano.

Kuna Claudia Mueller na Carol Dweck ambao mwaka 1998 walieleza habari za watoto waliosifiwa akili: walipenda maswali mepesi, wakikwama walikata tamaa mapema, na walipotakiwa kuwaandikia watoto wasiowajua alama walizopata, karibu wanne katika kumi waliziongeza. Waliosifiwa bidii waliodanganya walikuwa wachache zaidi. Soma haraka, upite.

Siku ya ripoti itafika. Kijana atakuja anatabasamu, Hisabati 83. Ile nane utaiona ina kiuno kilichonona, wino wake wa buluu, na mwalimu kaandika karatasi nzima kwa wino mweusi. Usigombe, wala usiulize. Fungua ile orodha ya 24, tafuta ubunifu, mwonyeshe jina lake lilipo. Kisha saini pale panapoandikwa “Mzazi”, upesi, mama yake akiwa bado anatafuta miwani.