Kuku Katikati ya Bahari

Tangu 1972 wabunge wa Marekani na wa Ulaya wanavuka Atlantiki kwenda kuamkiana. Mwaka 1999 wakayapa mazungumzo yao jina rasmi, maana kikao kisicho na jina hakina fungu. Sura zimekuwa zikibadilika, kuku hajabanduka.

Tangu 1997 Ulaya imemfungia mlango kuku wa Kimarekani aliyeoshwa kwa klorini. Mmarekani anahoji: tangu lini usafi ukawa kosa? Mwenzake anajibu kwa upole wa kibunge: kwani kuku wenu wamekaaje hata waogeshwe dawa ya bwawa la kuogelea?

Ugomvi wenyewe wa kurithi. Jumuiya ya Ulaya ilipopandisha ushuru wa kuku mwaka 1962, Marekani ililipiza mwishoni mwa 1963 kwa ushuru wa asilimia 25 juu ya malori madogo. Naam, pikapu! Kosa la banda likaadhibiwa gereji, na adhabu ikadumu zaidi ya nusu karne, kuku husika wakiwa wameshaliwa zamani.

Ningekuwa mpishi wa vikao hivyo, mchana ningepakua samaki.