Shilingi 2,500 za Serikali

Mpangaji wa Nairobi asiseme serikali imemtupa. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, ipo, na baraza lake lipo. Mwenye nyumba akikupandishia kodi kiholela, nenda ukamshtaki huko. Kuna sharti moja tu, dogo: kodi yako isizidi shilingi 2,500 kwa mwezi.

Basi tafuta kwanza chumba cha bei hiyo. Vipo: mabati mbele, mabati nyuma, choo cha ploti nzima, maji ya kununua kwa mtungi. Hapo mkono wa sheria umekufikia. Mwenzako wa bedsita ya 9,000, aliyesukumiwa karatasi chini ya mlango kwamba mwezi ujao ni 11,000, huyo ni tajiri, baraza halimjui.

Na nyumba ikiwa ya zamani, kipimo cha kodi halali ni ile iliyolipwa tarehe 1 Januari 1981. Risiti unayo? Kama hukuwa umezaliwa, muulize babu. Kwa keateka usijisumbue. Alicho nacho ni kufuli la kukufungia mlango tarehe sita kama hujalipa.