Unyenyekevu wa Ikulu

Yesu aliwaosha wanafunzi wake miguu ikiwa bado na vumbi, na Petro alikataa kwanza. Wafalme wa Uingereza waliuchukua mfano huo kila Alhamisi Kuu, ila kwa tahadhari. Malkia Elizabeth I alipokuwa na umri wa miaka 39, aliwaosha miguu wanawake maskini 39 huko Greenwich. Lakini kabla hajapiga magoti juu ya mto laini, miguu ileile ilikwisha kuoshwa na mtumishi wa dobi kwa maji ya uvuguvugu yenye maua, ikarudiwa na padri msaidizi, ikarudiwa tena na mkubwa wake. Malkia akawa wa nne, pengine wa kwanza kutokuta uchafu wowote. Hata hivyo, sifa za kujishusha zilimwendea yeye. Kwa mtumishi wa dobi, aliyekutana na vumbi lenyewe, ilikuwa kazi yake tu.

James II, aliyetawala kuanzia 1685, huhesabiwa kuwa wa mwisho kuosha. Siku hizi mfalme hugawa vijisarafu vya fedha kanisani, na magoti hayahusiki. Vishada vya maua, vilivyowekwa zamani kuzuia harufu ya maskini, bado hubebwa.