Simu Iliyolipia Kujulikana
Modemu ya faiba, yaani kisanduku kinachogeuza mwanga upitao ndani ya uzi wa kioo kuwa intaneti ya nyumbani, ina anwani ya maunzi yenye herufi na tarakimu 12, na mteja akibadili kisanduku bila kuisajili anwani mpya kwa mtoa huduma, mtandao waweza kumnunia kama mgeni aliyeingia bila hodi. Mboko, kando ya Ziwa Tanganyika katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako intaneti huja hasa kwa simu ya mkononi, adha hiyo si ya kila siku. Hata hivyo serikali ya Kongo haikuwaacha wakazi wake wakose ladha ya usajili. Kuanzia Septemba 2020, kila simu ilitambuliwa kwa IMEI, namba yake ya kiwandani yenye tarakimu 15, katika rejista iitwayo RAM, na ada, dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G na dola 7 kwa ya 3G au 4G, ikakatwa kwenye salio kidogo kidogo, pasipo mwenye simu kusumbuliwa kwa kuombwa ridhaa. Lengo lililotangazwa lilikuwa kupambana na simu bandia na za wizi. Ada hiyo ilifutwa mwaka 2022, na simu zikaendelea kulia vilevile.